Vipande vya Kukingama

Stuli za plastiki za kiwanda kile zilikuwa zinakatika miguu, na moja ilimuua mke wa mpimaji. Alipanda kutundika pazia, mguu ukakatika, kichwa kikagonga ukingo wa dirisha. Mumewe alimzika, akarudi kazini kwenye kiwanda hichohicho. Kazi yake ilikuwa kuvuta plastiki kwa mashine mpaka ikatike, ili kupima uimara wake.

Plastiki yenyewe ilichanganywa na nyuzi fupi za kioo ili iwe ngumu. Ikimiminwa kwenye kalibu, chombo cha kuipa umbo, nyuzi hulala kufuata mkondo, kama nywele zilizochanwa. Kipande kilichokatwa kufuata mkondo ni kibishi, hakikatiki upesi. Kilichokatwa kwa kukingama hakina ubishi. Mpimaji alikata vya namna zote mbili, kwa sababu mtu akipanda stuli haulizi nyuzi zimelalaje.

Jumatatu moja alibana kipande cha kukingama, akawasha mashine. Kilipokatika, mkewe akasema kutoka ndani yake, "Baba Mapacha, umekula?"

"Bado," akajibu, akabana kingine.

"Na mlango wa nyuma umeufunga? Maana wewe!"

Vya kufuata mkondo vilikatika kwa kishindo tu. Sauti ilikuwa kwenye vya kukingama, basi akawa anavikata vingi. Mapacha, watoto wao, walikuwa wamehamia mbali na walipigiana simu wao kwa wao. Nyumbani alizungumza na redio. Sasa akaanza tena kunyoa ndevu, na chakula chake akawa anakilia kando ya mashine.

Injinia aliyezichora stuli alipopita, kipande kilikatika kikasema, "Shati hilo hukulipiga pasi."

"Shikamoo, shemeji," injinia akasema.

Mpimaji ikambidi akate kingine ili mkewe apate kuitikia. "Marahaba. Umekonda, baba."

Angeweza kunyamaza hapo. Kalibu ingerekebishwa, huenda sauti nayo ingekwisha, na hilo alilijua. Lakini pazia hutundikwa kila nyumba. Akabana kipande, akasema, "Mama Mapacha, mwambie mguu wa stuli ulipokatikia."

"Mguu wa nyuma, pale juu unapokutana na kiti. Nyuzi zimekingama. Nilizisikia zikichomoka."

"Najua," injinia akasema. "Ila kwenye hesabu ya kompyuta nimeziandika zote zimenyooka, nayo ikakubali."

"Kompyuta haijawahi kutundika pazia," mpimaji akasema.

"Mzee wangu, nikiigusa kalibu, kiwanda kinasimama na mimi nakwenda nyumbani. Kuanzia kesho kata vya kufuata mkondo tu."

"Na mke wangu?"

"Muage leo. Sikukatazi."

Mpimaji alivivuta vipande vya kukingama vilivyobaki polepole, mashine ikienda kwa mwendo wake wa chini kabisa. Mkewe aliulizia mapacha, akalalamikia bomba linalovuja. Kipande cha mwisho kilisema, "Usisahau kuanua nguo, mvua inakuja."

Akakaa na nusu mbili za kile kipande, akizigusanisha pale zilipoachana. Hazikusema kitu. Alipotoka, malori yalikuwa yanapakia stuli, zimepachikwa moja juu ya nyingine, na mvua ilikuwa imeshaanza.

Mguu wa stuli ulikuwa umemgharimu mke. Kusema kulimgharimu sauti ya mkewe, mtu wa kumuuliza kama amekula, na nguo zote za kwenye kamba, ambazo alizikuta zinachuruzika maji. Hata hivyo alizianua.