Siku Lori Lilipoondoka

Mtu aliyetoka zamu ya usiku hafai kuulizwa kobe anavaa viatu namba ngapi. Mimi huulizwa kila asubuhi. Nikitoka kufua mashuka ya hospitali, macho mazito, vidole vimekunjamana kwa sabuni, nawakuta watoto wa dada yangu wamesimama mlangoni na mabegi mgongoni, wanangoja chekechea na hadithi ya njiani. Dada alikwenda kutafuta kazi nchi ya mbali akaniachia wawili hawa: msichana ninayemwita Hakimu, kwa kuwa hapitishi neno langu bila kesi, na mdogo wake Kifungo, ambaye habanduki kwenye shati langu.

Sheria yetu ni moja: chochote tukionacho njiani kinaingia kwenye hadithi. Kuku wa fundi baiskeli ameshawahi kuwa mkuu wa polisi. Dimbwi la pale bomba lilipopasuka lilikuwa bahari, mpaka jua likalimaliza. Mimi huchangia mdomo tu. Akili inakuwa imeshatangulia kitandani.

Mkubwa wa wote alikuwa lori. Lilikaa kando ya barabara tangu sijui lini, halina magurudumu, limeegemezwa juu ya mawe, majani yametokeza kwenye injini. Siku moja Kifungo akaniuliza linangoja nini. Nilikuwa natembea huku nasinzia. Nikamwambia linaumwa, na siku likipona likawaka, litaondoka moja kwa moja kwenda kumleta mama. Nilisema hivyo kwa sababu lori lile lisingewaka mpaka mwisho wa dunia. Nikaona nimepata ahadi isiyonidai chochote. Tangu hapo, kila tukipita, Kifungo alilipapasa mlango na kuliambia pole.

Kisha dada akapiga simu. Ameolewa huko huko, harudi tena, na watoto niwaeleze mimi taratibu, maana mimi ndiye ninayejua kuongea nao. Nilikasirika sana. Baada ya hapo, kila siku nilipanga kuwaeleza kesho.

Asubuhi ile tulipokata kona, lori halikuwapo. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamelikatakata na kulibeba vipande vipande. Yalibaki mawe, doa la oili na majani yaliyopauka kwa kukosa jua. Mimi nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kifungo alirukaruka.

"Limewaka! Mama Mdogo, limewaka!"

Akageuka kurudi nyumbani. Leo hakuna shule, akasema, lazima awepo mtu mlangoni mama akifika, na mimi nikatandike kitanda chake. Nikamshika begi. Jibu nilikuwa nalo ulimini: lori limepata pancha njiani na fundi hajapatikana. Pancha moja ingenipa mwaka mzima wa kupumua. Halafu nikakumbuka kwamba halikuwa na magurudumu. Hakimu naye alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kusema lolote ili nikalale, na nilipoona hivyo nikajionea aibu. Nikachuchumaa pale pale.

"Lori halikuwaka," nikasema. "Limekatwa vyuma. Halikwenda kumleta mama. Mama amepata nyumba nyingine huko aliko, mwanangu, na anakaa huko."

"Haji leo?"

"Haji leo wala kesho. Niliyepo ni mimi."

Kifungo alilia mpaka getini, kilio cha chinichini kinachouma kuliko cha kelele. Hakimu hakulia. Aliniambia tu kwamba alishajua, kwa kuwa siku ile baada ya simu niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mwalimu akauliza kulikoni, nikamjibu tumeamka vibaya. Nikaenda kujilaza, na usingizi niliokuwa nautamani usiku kucha ukanikimbia.

Mchana nikawafuata. Tukashika njia ya nyumbani. Yule kuku wa fundi baiskeli alikatiza mbele yetu na hakuna aliyempigia saluti. Nikajua hadithi zetu zimekwisha, na sikuwa na nguvu hata ya kusikitika vizuri. Tulipofika kwenye yale mawe, Kifungo akasimama, uso bado umemvimba.

"Na haya yanangoja nani?"

Nikamwambia sijui. Kweli sikujua, nilikuwa nimeishiwa.

Hakimu akayazunguka mawe, akayakagua moja moja, kisha akatoa hukumu yake. Hayangoji mtu. Yamelibeba lori siku zote hizo bila kulitua hata kidogo, sasa yanapumzika.

Kifungo akalifikiria hilo. Akalifuta vumbi jiwe moja kwa mkono wa shati lake, akanivuta nguo.

"Kaa na wewe," akasema. "Leo nasimulia mimi."

Nikakaa, pale pale kando ya barabara, na machozi yakanitoka bila kuniuliza. Kifungo akatazama huku na huku akitafuta cha kuanzia, akamwona kuku.