Kebo za Veranda ya Wangare

Asubuhi moja ya Februari 1969, Wangare alikuwa kwenye veranda akichambua maharagwe, kamba ya katani imemzunguka kiunoni na ncha yake imefungwa kwenye mguu wa meza. Kando yake, fundi Kipkemei alikuwa akisimamisha nguzo za mwerezi. Nyumba hiyo ya mbao, juu ya Gilgil, ilijengwa na mlowezi aliyeuza shamba na kurudi kwao. Veranda yake ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe, kimo cha mtu mzima, na mbao zake za kuegemea zilikuwa zimeliwa na mchwa zamani.

Wangare hakuwa akigusa chini. Ilianza baada ya mazishi ya mumewe, Karanja, siku kamati ya shamba ilipoandika ardhi yote kwa jina la Hiram, ndugu ya marehemu, kwa sababu Wangare alizaa binti tu, Mugure. Alipotoka mkutanoni nyayo zake zilikuwa zimeinuka upana wa kiganja kutoka ardhini, na hazikurudi. Majirani walimshauri avae viatu vizito. Alivaa gambuti, nazo zikainuka pamoja naye.

Kamati ilimruhusu aendelee kuishi katika nyumba ile, mradi asihame. Akilala nje hata usiku mmoja, atahesabiwa amehama, na Hiram ataifanya ghala la mahindi. Ndani ya nyumba hakukuwa na shida. Lakini jiko lilikuwa nje, kama kwa walowezi wote, na njia ya kwenda jikoni ilikuwa hiyo veranda, na upepo wa huko hauna adabu.

Kipkemei alikuwa amemjengea mlowezi fensi za ng'ombe maisha yake yote. Alivuta waya kutoka nguzo hadi nguzo, akaupigilia kwa misumari ya fensi, akasema, "Mama, hapa hata fahali hapiti."

Wangare akafungua kamba kiunoni.

Mchana upepo ulishuka kutoka Kinangop. Ulimsukuma kwenye waya, misumari ikang'oka mmoja baada ya mwingine, naye akaenda. Alipita juu ya pareto, juu ya reli, akatua Kariandusi kwenye lundo la udongo mweupe wa mgodini. Wachimbaji walimpa maji. Dereva wa lori alimfunga kwa turubai, akamrudisha jua likizama.

Wangare alimkuta Hiram sebuleni, ameshaingiza magunia.

"Karibu nyumbani, Mama Mugure," Hiram akasema. "Tulidhani umeenda."

"Nilipeperushwa, shemeji. Sikuenda."

"Hiyo ni tofauti ndogo sana."

"Jua bado halijazama lote. Toa magunia."

Hiram alichungulia dirishani, akaona ni kweli, akayatoa.

Mugure alikuja kutoka Nakuru alikofundisha shule. Aliwakuta mama yake na Kipkemei wakitazama nguzo.

"Waya wa fensi unapigiliwa upande wa ng'ombe," Kipkemei alikuwa akieleza. "Akiegemea, anausukuma kwenye nguzo. Ukiupiga upande wa pili, anaung'oa."

"Na wewe uliupiga upande gani?" Mugure akauliza.

"Wa nje. Ng'ombe wako nje."

"Na mama?"

Kipkemei alifikiri. "Mama yuko ndani," akakubali.

"Haya," akasema Wangare, "sasa umejua ng'ombe ni nani."

Mugure aliteremka Gilgil kwa Manjit, aliyeuza vyuma vya malori yaliyoangukia Mai Mahiu.

"Waya ya nini, dada? Ya kuzuia ng'ombe?"

"Ya kuzuia mama."

"Anatoroka?"

"Anapeperuka."

"Basi ya ng'ombe haifai," Manjit akasema, akamtolea kebo ya chuma ya kuvutia malori, kuukuu lakini bila uzi uliokatika, pamoja na bolti ndefu zenye kitundu kichwani. "Usipigilie kitu. Toboa nguzo, pitisha kebo katikati, kaza kwa nati mpaka ilie ukiigonga."

Kipkemei alitoboa kila nguzo kwa keekee, akapitisha kebo, ya chini kwanza, akazungusha spana hadi jasho likamtoka. Kila kebo iliyokazwa ilitoa sauti yake. Mwishowe aliegemea kwa mgongo, akaruka mara kadhaa, akaondoka kwenda kunywa uji.

Siku ya upepo mkubwa Hiram alikuja kuangalia. Alimkuta Wangare amelala hewani kama shati kwenye kamba, mikono miwili imeshika kebo ya juu, miguu imeelekea Kariandusi. Nguzo hazikutikisika.

"Habari ya mchana, Mama Mugure?"

"Nzuri tu, shemeji. Karibu chai."

Hiram aligonga kebo, akasikiliza. "Kazi safi. Na ujue iko kwenye shamba langu."

"Najua."

"Siku moja itanifaa."

"Siku hiyo utaikuta imekazwa."

Hiram alikunywa chai, akateremka ngazi, akaenda kupima kwa hatua mahali atakapopanda mahindi, viatu vyake vikizama kwenye udongo uliolimwa. Upepo ulipopungua Wangare alishuka taratibu mpaka kimo chake cha kawaida, kiganja kimoja juu ya mbao, akaenda jikoni mwenyewe bila kushikwa mkono. Usiku ule Mugure alimsikia akikoroma.