Mashine Iliyorudi Nyuma

Saa za ukutani zilikuwa saba, na kila Jumamosi asubuhi binti wa fundi saa alizitia ufunguo kwa mpangilio ule ule, kuanzia ile kubwa ya mlangoni hadi ile ndogo iliyoning'inia juu ya meza ya baba yake. Mizunguko minane kila moja, si saba wala tisa. Alikuwa amefika ya tano, ufunguo ungali tunduni, pale mlango uliposukumwa kwa goti na kaka yake akaingia na mtu nyuma yake.

"Mchunga Nyota!" kaka alimwita. "Mteja wako huyu. Leta mzigo."

Binti aligeuka. "Tulisema saa sita."

"Saa sita, saa tatu, si saa tu? Humu zimejaa tele, chagua unayoipenda."

Aliyekuja naye alikuwa mpiga picha wa harusi, mtu mnene mcheshi, mwenye mifuko mingi kwenye fulana. Mzigo alioujia ulikuwa mashine ndogo, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, ambayo binti aliinunua ikiwa imekwishatumika. Unaifunga juu ya stendi, unapachika kamera kwenye sahani yake ya mbele, nayo inaizungusha kamera polepole, ifuatane na nyota zinavyopita angani. Bila mashine hiyo, ukiacha kamera wazi dakika mbili tu, nyota zinatoka mistari. Ukiwa nayo zinatoka nukta, kali kama ncha ya sindano.

Mwezi wa kwanza zilitoka nukta. Binti alizitazama picha zile hadi macho yakamtoka machozi, na hakumwonyesha mtu. Kisha, wiki tatu zilizopita, mistari ikarudi. Alibadilisha betri, haikusaidia. Alikaza kila skrubu, akalenga upya kwa dira, akaanza tena mwanzo, mistari tu. Kaka alipotangaza mezani kwamba kitu kibovu kinakula nafasi bure, na kwamba yuko mtu anayekitaka kwa vipuri, pamoja na stendi yake, binti aliinamisha kichwa akakubali: isipopona mpaka Jumamosi saa sita, aichukue.

"Saa sita haijafika," alisema sasa. Hakuusogelea mzigo.

"Ehe! Leo ana ulimi," kaka alisema.

"Hakuna neno, dada," mpiga picha alisema. "Hata hivyo saa yangu imesimama tangu juzi. Mzee ataniangalizia."

Baba, aliyekuwa mezani kwake, alinyoosha kiganja bila kuinua kichwa. Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. "Lete," alisema, na lenzi yake ikarudi jichoni.

Binti aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Alikuwa na jaribio moja ambalo hakuwa amelifanya. Alifunga kitochi cha leza kwenye sahani ya mashine kwa utepe, akaielekeza kwenye ukuta mita tatu mbele yake, akaweka alama ya penseli penye kitone chekundu. Akawasha. Baada ya dakika kumi akapima kwa rula. Sentimita kumi na tatu. Ndivyo hasa hesabu yake ilivyotaka. Basi mota ilikuwa nzima, meno ya magurudumu yalikuwa mazima, na mwendo haukuwa na kasoro hata ya unywele.

Alitoa kamera, akazirudia picha za mwisho. Moja aliipiga amesahau kuwasha mashine, nyingine mashine ikiwa imewaka. Nyota ile ile, dakika zile zile. Alikuwa ameziona mara nyingi, lakini hakuwahi kuzipima. Mstari wa mashine iliyozimwa ulikuwa mfupi. Wa mashine iliyowashwa ulikuwa mrefu mara mbili.

Akaketi. Mashine iliyokufa ingeacha mstari ule ule. Iliyochoka ingeufupisha kidogo. Lakini kurefuka mara mbili? Hiyo ni kama watu wawili waliopeana mgongo wakaanza kutembea: huyu akipiga hatua moja, katikati yao zinazaliwa mbili. Mashine ilikuwa inafanya kazi yake kwa bidii zote, ila inakwenda upande wa pili.

Alifungua kifuniko cha betri. Ndani kulikuwa na swichi ndogo ya kuchagua upande wa kuzunguka, alama moja ya kaskazini, nyingine ya kusini. Siku ya kwanza aliisukuma kusini, maana wao waliishi kusini mwa ikweta, na tangu hapo hakuigusa wala kuikumbuka. Sasa ilikuwa kaskazini. Na upande wa ndani wa kifuniko, chini ya betri, palikuwa na mkwaruzo mwembamba wa sindano: msalaba mdogo, nukta mbili, na tarehe ya wiki tatu nyuma.

Aliujua msalaba ule tangu utotoni. Fundi saa akimaliza kazi hukwaruza alama yake ndani ya kifuniko, ili saa ikirudi ajue aliigusa lini. Ilikuwa alama ya baba.

Akairudisha swichi kusini kwa ukucha. Angeweza kunyamaza. Mashine imepona, basi, nani atauliza? Aliwasha ili ahakikishe, na kitone kikaanza kutambaa upande wa pili. Hapo mlango ukafunguliwa. Baba aliingia, saa ya mpiga picha mkononi, kaka na mteja wakimfuata.

Jicho lililozoea mshale wa dakika halikuhitaji muda mrefu. Baba alikitazama kitone kikitambaa, kisha sahani, akatikisa kichwa.

"Imerudia," alisema. "Inarudi nyuma. Hii niliitengeneza mwenyewe, ulipokuwa sokoni. Sikukwambia. Kama imerudia, mwanangu, haina maisha. Mpe bwana avune vipuri."

"Umesikia daktari," kaka alisema, na mkono wake ukaifikia stendi.

Baba hakuwahi kupingwa kwa habari ya kitu kinachozunguka, seuze mbele ya mteja. Binti akaushika mguu wa stendi upande wake, akaung'ang'ania.

"Haijarudia, Baba. Ndivyo inavyotakiwa kwenda."

"Miaka thelathini nashika vitu hivi. Chenye uso huzunguka kuelekea kulia."

"Hii haina uso wa kutazamwa na mtu. Yenyewe ndiyo inayotazama; ukisimama nyuma yake, inakwenda kulia. Njooni uani, nitawaonyesha."

"Kwenye jua hili? Nyota za mchana?" kaka alicheka.

"Jua ndilo nyota yenyewe. Shika huo mguu, Kaka, usiniangushie."

Kaka akaushika, kwa mshangao tu.

Uani alilenga mashine kusini kwa dira, akaiinamisha kama alivyozoea. Mahali pa kamera alifunga bomba la karatasi ngumu lenye tundu la pini upande mmoja na karatasi nyembamba upande wa pili, akalielekeza kwenye jua, hata jua likachora kiduara cha mwanga kwenye karatasi. Alikizungushia penseli.

"Kwanza kama Baba alivyoiweka," alisema, akisukuma swichi kaskazini. "Hesabu, Baba."

Baba alihesabu kwa saa ya mteja, ambayo sasa ilikuwa inatembea. Dakika ya kumi haijafika, mwanga ulikuwa umeuvuka mstari wa penseli na kukaribia ukingo wa karatasi. Binti akaurudisha mwanga mahali pake, akasukuma swichi kusini. Dakika ya tano, upo. Ya kumi, upo, umetulia ndani ya duara kama yai kwenye kiota. Baba aliinama akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Alaa!" mpiga picha alisema. "Kumbe nzima! Basi dada, naongeza. Taja mwenyewe."

"Taja haraka," kaka alimnong'oneza, "kabla hajabadili mawazo."

Baba aliinuka, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Nimekuharibia wiki tatu," alisema. "Kwa nini hukuniuliza? Ulikaa na ugonjwa peke yako, na fundi yumo nyumbani."

Watu watatu walimtazama. Kwa kawaida hapo ndipo angeyatazama mavumbi.

"Kwa sababu ungeitengeneza iwe saa," alisema. "Ukikosea nitakwambia umekosea, Baba, hata mteja akiwepo. Na siiuzi, si leo, si kwa bei yoyote. Picha za nyota ndiyo kazi ninayoitaka. Nataka kuifanya hapa hapa uani, na wewe uketi nami ukinishikia saa."