Geti la Philipo

Ukitaka kuvua samaki Doha, shida si samaki. Shida ni mahali pa kusimama.

Nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja West Bay, na bahari niliiona kila siku kupitia dirisha la ngazi. Ufuo ulikuwa wa wageni. Ulipoishia palikuwa na uzio, na nyuma ya uzio hoteli nyingine yenye ufuo wake. Tulipojaribu Corniche, barabara ya kando ya bahari, mimi na mdogo wangu Henry, askari alitufukuza kwa mkono kama anafukuza kuku.

Henry alikuwa na njaa. Kampuni yake ya ujenzi ilikuwa imekwama, mpishi wa kambi akaondoka, na wanaume wa chumba chake wakawa wanakula wali mtupu. Mimi nilikula hotelini, lakini chakula hakikuruhusiwa kutoka, na mlangoni tulipekuliwa mikoba. Basi nikaenda madukani Najma, nikanunua mshipi na ndoana, nikampa.

"Wewe ni mtu wa mto Nzoia. Vua."

"Nivulie wapi, dada? Bafuni?"

Mahali tulipapata kanisani, baada ya ibada. Philipo, Msamia wa Busia upande wa Uganda, alikuwa mlinzi kaskazini mwa West Bay, kwenye eneo la ujenzi ambako malori yalimwaga mawe baharini ili kupata ardhi mpya. Geti lilikuwa lake, na ufunguo alikuwa nao.

"Ijumaa mchana mainjinia hawapo," alisema. "Lakini nisikize, Mama Bradley. Mkionekana, anayepandishwa ndege ni mimi. Si nyinyi. Na nina watoto wanaokula kwa hili geti."

"Hatutaonekana."

"Mwambie huyu basi, anaongea kama redio."

Henry akacheka. "Samaki wa kwanza ni wako, afande."

"Na kichwa chake. Usiniletee samaki amekatwa kichwa."

Ijumaa kadhaa zilipita salama. Samaki walikaangwa kambini kwenye jiko la umeme lililofichwa chini ya kitanda, Philipo akapata wake na kichwa, na mashavu ya Henry yakaanza kurudi.

Halafu ikaja Ijumaa ambayo maji yalikuwa mbali. Mchanga ulikuwa wazi hadi kwenye mgongo wa mwamba uliotokeza huko ndani, isipokuwa mtaro mmoja wenye maji ya magotini, na Henry akauendea kwa miguu, suruali imekunjwa.

"Maji yakirudi?" nilimpigia kelele.

"Yatoke wapi, dada? Hapa mvua ilinyesha lini?"

Niliona amejibu vizuri. Kwetu Budalangi maji hupanda kwa sababu mvua imenyesha juu milimani, na anayetaka kujua kama ukingo ni salama huangalia mawingu, haangalii maji. Nikaangalia juu. Anga lilikuwa jeupe, kavu kabisa. Nikaketi kwenye kivuli cha kontena, nikafumba macho.

Kelele zake ndizo zilizoniamsha. Mchanga haukuwepo tena. Kati yangu naye kulikuwa na ule mtaro, uliochimbwa na mashine, na bahari ilikuwa inaingia humo kwa nguvu. Henry alikuwa amesimama juu ya mwamba, maji kiunoni. Alijaribu kuogelea, mkondo ukamzungusha, akarudi kukumbatia jiwe. Sasa maji yalikuwa kifuani.

Philipo alikuja mbio kutoka getini. Kamba ya kufika kule hatukuwa nayo. Alikuwa na redio ya upepo mkononi, na mwisho wa eneo kulikuwa na boti ya ile mashine ya kuchimba, yenye watu. Aliitazama redio.

"Philipo," nikasema.

"Najua."

"Ni mtoto wa mama yangu."

"Nimesema najua! Nyamaza kidogo."

Akabonyeza. Kuna mtu majini, alisema kwa Kiingereza. Sauti ikamuuliza ni wapi, na mtu huyo amepitia wapi. Angeweza kusema hajui. Lakini boti isingejua ielekee wapi.

"Hapa kwangu," alisema. "Amepitia geti langu."

Boti ilimtoa Henry maji yakiwa shingoni. Alilala juu ya mawe akitapika. Msimamizi akafika na gari, akatazama kufuli lililo wazi, akatazama ndoo yetu yenye samaki mmoja. Alinyoosha mkono, na Philipo akaweka redio juu yake, halafu ufunguo.

Siku ya Philipo kupandishwa ndege nilimpelekea sukari na sabuni za watoto. Alikuwa ameinama juu ya begi.

"Henry yuko wapi?"

"Ameshindwa kuja. Anaona haya."

"Haya atakula? Mwambie atafute mahali pengine. Na aangalie maji, awache kuangalia juu."

"Nitamwambia." Mahali pengine hapakuwepo, na yeye alijua. Henry alikuwa amerudi kwenye wali mtupu.

Philipo alikunja shati la kazi, akalitazama, akaliacha kitandani.

"Yule samaki wa kwenye ndoo alienda wapi?"

"Msimamizi alimchukua."

"Na kichwa?"

"Na kichwa."

Akavuta zipu ya begi mpaka mwisho.