Tyubu ya Protus

Gari la Ekisa lilitoka Malaba asubuhi likiwa na kiburi kama mwenyewe. Lilikuwa kuukuu, la dizeli, lakini turbo yake, ile feni ya kuipulizia injini hewa, bado ilipiga mluzi. Ndani walibanana wazee wa Kiteso, na shangazi Akwii alipakata mfuko wa zawadi za wakwe. Walikuwa wakienda Bukhayo kumposea Ekisa mchumba wake, Nasambu. Sharti la kule halikuwa na mjadala: saa sita lango linafungwa, na mgeni atakayelikuta limefungwa arudi kwao.

Walipopita Amukura, kwenye mlima, mluzi ukakatika. Gari likafuka moshi mweusi, likatambaa. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani akalipita, tena akawapungia mkono.

"Turbo imekufa," mzee mmoja akasema.

"Haijafa!" Ekisa akafoka, akaegesha kando.

Boneti ilikuwa bado juu baiskeli iliposimama. Alikuwa Protus, kaka yake Nasambu, aliyetumwa kuangalia kama wageni wako njiani. Ndiye pia mfunga lango.

"Shemeji!" Ekisa akamwita.

"Bado sijakuwa shemeji yako. Saa tano hii, na nyinyi mmefungua boneti kama watu wa kuanika dagaa wa omena?"

Mori ukampanda Ekisa, akaumeza. Injini ilipopoa kidogo akaivua paipu ya kuvutia hewa, akaingiza kidole ndani ya turbo, akaizungusha feni yake. Ikazunguka laini, bila kuchezacheza.

"Iko hai. Inapuliza, lakini upepo unapotelea njiani."

"Kumbe ni pancha tu!" Protus akacheka. "Leteni maji ya sabuni."

Shangazi Akwii akaukumbatia mfuko. "Sabuni ya mama mkwe?"

"Mche mmoja tu, shangazi," Ekisa akamsihi.

Akautoa kama anayetoa jino. Wakakoroga povu kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ekisa akairudisha paipu aliyoivua, akawasha injini, akakanyaga mafuta, huku Protus akimwagia povu paipu nene ya mpira inayopeleka upepo kwenye injini. Chini yake, mahali macho hayafiki, povu likachemka. Ulikuwa mpasuko wa urefu wa kidole.

Paipu nyingine ingepatikana Busia mjini, na muda haukuwapo. Ekisa akakaa kwenye bampa. Yule mwenye maneno mengi akashika kichwa.

Protus akaitazama barabara, akaitazama baiskeli yake. Kisha akaipindua, akavua tairi na kuichana tyubu kwa kisu.

"Sasa utarudije?" Ekisa akauliza.

"Na nyinyi. Ufunguo wa lango si ninao mimi?"

Wakaivuta tyubu kwa nguvu zao zote, wakaizungusha juu ya mpasuko mara nyingi, wakaikaza kwa waya. Baiskeli ikapandishwa juu ya gari. Mlimani mluzi ukarudi, Akwii akapiga vigelegele, na Ekisa akapiga honi.

Walipofika, saa sita ilikuwa imewapita, na lango lilikuwa wazi. Mzee Bwire, baba yake Nasambu, alikuwa akinguruma: "Protus yuko wapi afunge hili lango?"

"Niko hapa, baba," Protus akajibu, kichwa nje ya dirisha. "Nimekuja na wageni."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mzee akashindwa kujizuia.

Ekisa alipopewa nafasi ya kuzungumza, wazee wake walijiandaa kwa hotuba ndefu. Akasimama. Akaitazama ile baiskeli iliyoegemea ukuta, gurudumu moja halina tyubu.

"Asante, shemeji," akasema, akakaa.

"Sasa sawa," Protus akajibu. "Sasa niite hivyo."