Nyuki wa Baada ya Uji

Kila alfajiri, kabla mikate ya kwanza haijatoka tanurini, mwoka mikate alimtoa bintiye tone la damu kidoleni, akasoma kipimo, akavuta insulini kwenye bomba la sindano, akamdunga tumboni. Kisha walisubiri. Hawakusubiri kwa kutazama saa, bali kwa kazi: mama alikanda donge la mwisho, akalikatakata, akayapanga madonge kwenye treya na kuyafunika kwa kitambaa chenye unyevu. Hapo ndipo mtoto alipopewa yai, kisha mboga, na mwisho kabisa kipande chembamba cha mkate wa ngano isiyokobolewa. Binti huyo aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mikate iliyobaki aliitazama kama mtoto wa seremala anavyotazama mbao.

Mara mojamoja, sukari yake ikipanda kidogo baada ya kula, nyuki wawili watatu waliingia kwa dirisha la jikoni, wakatua begani pake, wakatulia hadi dawa iliposhika, kisha wakaenda zao. Mama alisogeza bakuli la unga ili wasichafuke. Muuguzi wa kliniki aliwahi kuwaona. Akasema watoto wengine hutokwa na jasho.

Mwaka huo shule ilitoa amri kwamba wanafunzi wote wasile asubuhi nyumbani, bali wanywe uji shuleni, kwa pamoja, kengele ikilia. Sindano haikuruhusiwa mkobani mwa mtoto. Ilikabidhiwa Matroni, mama wa makamo, mnene wa mwili na wa huruma, aliyeongozwa na sheria moja: dawa ni baada ya chakula. Tumbo tupu, alisema, halipewi dawa, kama ukuta usiopigwa lipu usivyopakwa rangi. Kwa sheria hiyo alikuwa ametibu homa, mafua na minyoo ya watoto, kisha ya watoto wa watoto hao, na hapakuwa na aliyemlalamikia.

Siku ya kwanza ya uji, Chiriku alimaliza kikombe chake pamoja na wenzake. Kabla meza hazijafutwa, nyuki waliingia. Waliingia kwa madirisha yote, bila haraka, kama watu wanaojua mahali pao pa kukaa. Walimfunika mikono, mabega na kichwa, hadi akawa umbo la dhahabu linalopumua. Hakuna aliyeumwa. Mvumo wao ulishuka, ukashuka, ukatulia kwenye sauti moja nzito iliyotetemesha vijiko mezani, na watoto waliokuwa wakisukumana wakaweka mikono mapajani wakanyamaza. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, akavua kofia. Hatimaye Matroni akaja na sindano, akapenyeza mkono. Nyuki wakampisha kwa adabu, naye akadunga. Walipoanza kuondoka, somo la hesabu lilikuwa limekwisha, na Chiriku alikuwa amelala juu ya meza.

Ikawa hivyo kila siku ya masomo. Seremala alitundika mizinga chini ya paa. Mwalimu wa sayansi alihamishia somo lake bwaloni. Wageni walianza kuja kutazama, nao waliketi kimya kwenye viti vya nyuma, na wengine walitoka wakiwa wamepatana na watu waliokuwa wamekosana nao miaka mingi.

Nyumbani, Chiriku alikunywa maji kama mchanga unywavyo, akalala bila kusimulia lolote. Daktari alimweleza mama waziwazi kwamba sukari ikipanda kiasi hicho kila asubuhi, hula macho na figo polepole, tena bila kelele. Mama akazima tanuri, akaenda shuleni na aproni yake yenye unga.

Baada ya salamu, alisema, “Ninaomba jambo dogo, Matroni. Sindano itangulie, uji ufuate.”

“Dawa kwenye tumbo tupu? Mwanangu, unataka nimuue mtoto wa mwenzangu?”

“Hiki si kidonge. Sindano hii ni mlinzi wa lango. Mlinzi haitwi wezi wakishaingia ndani.”

Matroni alifikiri kwa dhati, kwa sababu alimpenda mtoto. Kisha akasema kwamba maneno hayo ni mazuri, ila Chiriku hajakosa dawa hata siku moja. Mama alipomtaja daktari, Matroni alitabasamu.

“Huyo ninamfahamu. Dawa yake ya minyoo nilimpa mimi, tena baada ya chakula.”

Mwalimu Mkuu naye alisikiliza akiwa amefumbata mikono. Alieleza kwa upole kwamba ratiba ya asubuhi sasa inajulikana hadi kwa wakaguzi, na kwamba yeye mwenyewe, tangu nyuki waje, haoti tena ndoto mbaya. Akamruhusu mama abaki atazame.

Kengele ikalia. Uji ukanywewa. Nyuki wakaingia, na mwoka mikate, aliyekuja kwa hasira, alijikuta ameketi miongoni mwa wageni. Nuru iliyotoka kwenye mabawa yale ilipanda ukutani kama maji. Aliziba mdomo kwa aproni.

“Mama,” Chiriku alisema kutoka ndani ya dhahabu ile, “nina kiu.”

Mama alileta jagi. Nyuki walijitenga kidogo penye midomo, mtoto akanywa, akaomba tena, akanywa.

“Ni wazuri, sivyo?”

“Ni wazuri mno, mwanangu. Wangekuwa funza, sindano yako ingetangulia tangu siku ile ya kwanza.”

Matroni akafika, akifuta mikono, sindano ikiwa tayari kwenye sahani. Aliinama, akachungulia kikombe cha Chiriku, akaona uji kidogo umebaki chini. Akamwambia kwa sauti ya upendo amalize kwanza. Nyuki wakajitenga tena penye midomo, na wageni wote wakasimama.