Jirani wa Roswitha

Kazi yangu ni kukagua mizani. Nakwenda kwenye maduka ya dawa ya hospitali, naweka mawe ambayo uzito wake unajulikana, naangalia mizani inasema nini, kisha nabandika kibandiko: imepita au haikupita. Nina miaka kumi na tisa kazini na sijawahi kuipitisha mizani kwa huruma. Ijumaa moja ya mwezi wa tano nilikuwa Graz. Nilikagua mizani kumi na moja, zikabaki saba za Jumatatu, na katikati nilikuwa na siku mbili zangu mwenyewe.

Wenzangu wa Bremen walinionea wivu. "Panda kilimani, Wiebke, uuone mnara wa saa," waliniambia. "Halafu kula ile saladi ya maharage yenye mafuta ya mbegu za maboga. Usijifungie hotelini kama mtawa." Sikuwaambia kwamba mkobani nilikuwa na barua kutoka ofisi ya makaburi ya mji huohuo.

Barua ilisema kwamba kaburi la Gerold Harms, safu ya kumi na nne, lilipewa miaka kumi, na miaka hiyo inakwisha Jumatatu. Ndugu waliyempata ni mimi peke yangu. Nikitia saini juu, kaburi linaendelea miaka kumi mingine. Nikitia saini chini, jiwe litang'olewa na nafasi atapewa marehemu mwingine. Gerold Harms ni baba yangu. Aliondoka nyumbani nikiwa na miaka tisa, akamfuata huku kusini mwanamke aitwaye Edeltraud, na tangu siku hiyo nilipata kwake kadi mbili za Krismasi, basi. Nilishaamua kutia saini chini. Ningeweza kuituma barua kwa posta, lakini kazi ilinileta mpaka mlangoni pake, nikaona nimalize kwa mkono wangu.

Jumamosi ofisi hufungwa saa tano asubuhi. Nilipanga kwanza nione mji, kisha saini, kisha chakula. Nikapanda ngazi za mlimani hadi mnarani. Simu niliizima, maana Jumamosi mama yangu hupiga na sikutaka kumdanganya. Mshale mfupi wa saa ile kubwa ulikuwa kwenye kumi, mrefu kwenye kumi na moja. Saa nne kasoro dakika tano. Nikaagiza kahawa, nikaangalia mapaa mekundu yaliyobanana chini na mto unaopita katikati. Ilikuwa asubuhi nzuri, sikatai. Nikateremka polepole, nikapanda tramu, nikafika ofisini kwa hesabu yangu zikiwa zimebaki dakika tano.

Mlango ulikuwa umefungwa. Niliwasha simu: saa sita kasoro dakika kumi. Nilisimama pale nikiwa na kalamu mkononi, nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Kwa kuwa nilishafika, nikaona bora nikalione jiwe lenyewe.

Nilitarajia magugu. Nilikuta udongo umelowa, maua mekundu yamepangwa mistari miwili, na taa ndogo ya mshumaa inawaka ndani ya kioo chekundu. Edeltraud, nikawaza, na hasira yangu ikapata mtu. Mara akatokea mzee mrefu mwenye kofia ya kijani, amebeba kopo la kumwagilia.

"Wewe nani?" akauliza, salamu hakuna.

"Na mimi nilitaka kukuuliza hilohilo."

"Zotter. Namwagilia mke wangu." Akanionyesha kaburi la pembeni: Roswitha Zotter. "Kopo likijaa, yeye linamtosha na nusu inabaki. Hiyo nusu nampa jirani."

"Jirani?"

"Harms huyu. Kalala hapo na Roswitha miaka kumi, unataka nimwiteje?"

"Ni baba yangu," nikasema.

Alitua kopo chini. "Kumbe ana mtoto! Miaka kumi, mama! Mimi nikadhani huyu bwana kaota hapa kama uyoga."

"Edeltraud hamwagilii?"

"Yule wa miwani ya jua? Alikuja mwaka wa kwanza, mara tano au sita. Halafu akaolewa huko Tirol. Hajakanyaga tena."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi, na furaha yenyewe haikufika hata dakika moja. Kwa miaka thelathini na nane nilimhesabu mwanamke yule kuwa amechukua kila kitu chetu. Kumbe alichokichukua alikuja akakiacha hapa, pembeni ya mke wa mtu.

"Mbona umekuja leo?" Bwana Zotter akauliza.

Nikamweleza habari ya ofisi, na habari ya saa ya mlimani. Alicheka hadi akakohoa.

"Binti, saa ile mshale mrefu ndio wa saa! Wa dakika ndio mfupi. Zamani ulikuwepo mrefu peke yake, uonekane toka mbali, huu mwingine waliuchomeka baadaye. Kila mtoto wa Graz anajua. Wewe kazi yako nini?"

"Nakagua vipimo," nikasema.

Akacheka tena, akashika jiwe la baba asianguke. Kisha akaniuliza ofisini nilifuata nini, nami nikamwambia: kutia saini jiwe liondolewe. Kicheko kikakatika. Alivua kofia akaipindua. Ndani yake mlikuwa na vibandiko vya rangi ya machungwa, vimebandikana kimoja juu ya kingine: Ndugu wa marehemu wanaombwa kufika ofisini.

"Walikuwa wanabandika kwenye jiwe," alisema. "Wanabandika, nabandua. Wanabandika, nabandua. Nikajua pasipokuwa na kibandiko hapaguswi."

"Bwana Zotter, ndiyo maana wakanitafuta mimi kwa barua. Waliona miezi inapita na hakuna anayejitokeza."

Alivihesabu vibandiko kwa kidole. "Basi nimejichongea mwenyewe," akasema. "Nilitaka kusaini mimi, wakanifukuza, eti mpaka ndugu. Wewe hukumjua Roswitha. Waliohamia ghorofa ya juu aliwanunia mwaka mzima ndipo akawajibu salamu. Huyu amekwishamzoea. Sasa nimletee mgeni, mimi na miaka yangu themanini na mmoja?"

Nilimwambia pole, nikamwambia pia kwamba kila mtu na wake. Alivaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Jumapili maduka yote yalikuwa yamefungwa. Nilitembea kando ya mto, nikaona silaha za kale kwenye jumba la makumbusho, nikala saladi ya maharage, na mafuta yale nikayatonesha kwenye shati. Saa tisa nilipanda tramu kurudi makaburini. Sikuwa na sababu ya kumwambia mtu.

Bwana Zotter alikuwa kwenye kiti cha kukunja, gazeti mkononi. Hakushangaa.

"Jumapili namsomea matokeo ya mpira," alisema. "Roswitha mpira haupendi, ila huyu hajawahi kulalamika. Baba yako shabiki wa nani?"

"Bremen, naye alikuwa hasikii la mtu."

"Maskini! Miaka kumi namchosha na timu ya Graz." Alikunja gazeti. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilitafuta neno baya na nilikuwa nayo mengi. Lililotoka ni jingine. Nilimwambia kwamba baba alikuwa na duka la mboga, na kwamba kabla sijaanza shule aliniweka juu ya sanduku nyuma ya meza, akanipa mawe ya mizani, mimi ndiye nawapimia wateja viazi. Mteja akilalamika, baba alisema: "Mwanangu hakosei." Hilo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka mingi. Nililia kidogo, na Bwana Zotter akasoma matokeo ya daraja la pili kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilimkuta mlangoni mwa ofisi, amevaa suti na tai. "Siingii," alisema. "Napita tu." Karani alinipa fomu. Mbele ya maneno "uhusiano na marehemu" niliandika: mtoto. Nikatia saini juu.

Nilitoka. Aliusoma uso wangu, akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo mdogo.

"Kopo nalificha nyuma ya Roswitha, nimelifunga kwa kufuli ya baiskeli. Watu wa hapa wanaiba makopo, usiwaone na rozari. Miaka kumi mimi siifikishi, na wewe unajua. Mimi nitalala palepale juu yake, kwa hiyo kopo ni lilelile. Anza na Roswitha, hapendi kungoja."

"Bwana Zotter, mimi nakaa Bremen. Huku ni mbali."

"Hizo mizani za hospitali zinakaguliwa mara ngapi?"

"Kila baada ya miaka miwili."

"Haya. Miaka miwili," akasema, akanifumba vidole juu ya ufunguo.

Nilikagua mizani saba zilizobaki. Sita zilipita, moja haikupita, nikaibandika kama kawaida. Jioni kwenye treni nikampigia mama, maana sikumpokea tangu Jumamosi.

"Haya, umeona nini huko?" aliuliza.

"Mnara wa saa. Niliisoma vibaya."

"Wewe?" Alicheka. Kisha nikamwambia: nimeona kaburi la baba, nimelisainia, na Edeltraud aliondoka zamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na haki yake angekuwa nayo.

"Na maua?" akauliza, kwa sauti ndogo. "Nani anamwagilia?"

"Jirani," nikasema. "Kwa sasa, jirani."